Dalali wa Majengo ya Biashara Mombasa: Kazi Ipo, Mshahara Uko Wapi?

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alikuja nyumbani baada ya swala ya Isha. Aliamkia, akaketi, akanywa kahawa nusu kikombe kabla hajasema kilichomleta. Ana umri wa miaka 23, amemaliza diploma, na amepata kazi katika kampuni moja ya kupangisha na kuuza majengo ya biashara hapa mjini. Akanionyesha barua kwenye simu. Cheo kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza kizuri. Mshahara haukuandikwa. Palikuwa na mstari mmoja tu, kwamba atalipwa kamisheni kwa kila jengo atakalolipangisha. Nauli juu yake, bando za simu juu yake, viatu na shati za kuvaa mbele ya wateja juu yake pia.

"Mjomba, niingie?" akaniuliza.

Aliniuliza mimi kwa sababu ndiyo kazi iliyonilea kwa miaka 17, kutoka kubeba funguo za watu mpaka kusimamia majengo. Sikumjibu usiku ule. Nimeamua kuandika kwa sababu najua si yeye peke yake aliye na barua ya namna ile. Tangu Septemba 2022, Rais William Ruto alipoamuru shughuli za kuidhinisha mizigo zirudi Mombasa, na tangu barabara ya Dongo Kundu ituunganishe na upande wa Kwale bila kupanda feri, mji umejaa maneno ya fursa. Vijana wetu wanapiga video mbele ya magodauni ya Shimanzi na afisi za Nyali, wanaandika bei na namba za simu. Wazazi wanaona suti na kuamini kuna pesa. Pesa kweli zipo. Tatizo ni njia zinazopitia kabla hazijamfikia aliyefanya kazi.

Kwanza tuseme kazi yenyewe ni nini, maana wengi wanadhani dalali ni mtu wa kufungua mlango na kunyoosha mkono. Dalali wa nyumba za kuishi anaweza kumaliza kazi kwa siku mbili. Godauni, duka au afisi ni habari nyingine. Mpangaji wa godauni anataka kujua kama lori la futi 40 litageuka uani, paa lina urefu gani, sakafu itabeba uzito gani, umeme ni wa laini tatu au moja, na mvua kubwa ya Mei ikinyesha maji yanaingia au hayaingii. Mwenye kliniki anataka maji kila siku, na sote twajua hali ya maji Mombasa. Tunategemea mabomba yanayotoka mbali, Mzima, Baricho na Marere, na yakikatika ni maji ya bauza au ya kisima chenye chumvi. Mwenye benki anataka lifti, jenereta na mahali pa kuegesha magari. Dalali ndiye anayepima kwa utepe, anayepanda ngazi, anayeulizwa yote hayo na mtu ambaye mwishowe anaweza kusema, "Nitakupigia."

Kisha kuna swali ambalo vijana wengi hawaliulizi mapema: jengo hili ni la nani, na nani mwenye haki ya kutia sahihi? Hapa Pwani swali hilo ni zito kuliko sehemu nyingi. Kuna majengo ya wakfu. Kuna majengo ambayo mwenye nyumba si mwenye ardhi, mambo tuliyoyazoea Majengo na kwengineko, ambapo mmoja analipa kodi ya kiwanja kwa mwengine. Kuna majengo ya marehemu ambayo mirathi yake haijagawanywa. Namjua kijana aliyefanya kazi miezi minne kupangisha ghorofa ya chini ya jengo la familia. Kaka mkubwa alikubali, mpangaji akalipa amana. Siku ya kutia sahihi, dada yao aliyeko Muscat akapiga simu kwa wakili na kusema hajaulizwa. Mkataba ukafa hapo hapo. Kijana hakupata hata nauli, na mpangaji alimdai yeye ile amana kwa sababu sura yake ndiyo aliyoijua.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kwa desturi ya soko letu, anayepata mpangaji wa jengo la biashara hulipwa kodi ya mwezi mmoja, au mkataba ukiwa wa miaka mingi, karibu asilimia 10 ya kodi ya mwaka wa kwanza. Tuchukue mfano wa godauni la futi za mraba 10,000 kwa shilingi 30 kila futi. Kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kamisheni ya mwezi mmoja ni shilingi 300,000. Ukisikia namba hiyo barazani utasema kijana ametajirika.

Lakini mara nyingi kuna madalali wawili, wa mwenye jengo na wa mpangaji. Gawa kwa mbili, zimebaki 150,000. Kampuni yenye jina, afisi na meza inachukua fungu lake. Tuseme inachukua asilimia 60 na kumwachia kijana 40. Zimebaki 60,000. Mkataba kama huo, tangu kuonyesha jengo siku ya kwanza hadi wakili amalize na pesa ziingie, kuchukua miezi mitano si ajabu. Gawa 60,000 kwa miezi mitano. Ni shilingi 12,000 kwa mwezi, kabla ya nauli, bando na ushuru wa serikali.

Kwa kulinganisha, mshahara wa chini wa kisheria wa kibarua asiye na ujuzi katika mji kama Mombasa, baada ya nyongeza ya Novemba 2024, ulikuwa zaidi kidogo ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Kwa hivyo kijana wetu mwenye diploma na tai, akifanikiwa, anaweza kuwa chini ya mtu anayefagia ua la lile godauni alilolipangisha. Na hapo nimehesabu aliyefanikiwa. Sikuhesabu yule ambaye mkataba wake ulivunjika.

Haimaanishi hakuna anayepata. Nimewaona waliofunga mikataba mitatu mikubwa kwa mwaka mmoja wakanunua kiwanja Mtwapa. Pia nimewaona hao hao mwaka uliofuata wakikopa pesa za karo. Soko hili linayumba kwa mambo ambayo dalali hana uwezo nayo. Reli ya SGR ilipoanza mwaka 2017, na serikali ilipoamuru mwaka 2019 makasha yasafirishwe kwa reli hadi bara, maandamano yaliyotokea Mombasa hayakuwa ya madereva na mawakala wa forodha peke yao. Waliokuwa wakiishi kwa kupangisha magodauni na yadi za makasha walikuwemo pia. Ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020, afisi zikafungwa. Mwaka huo huo wadai wa Nakumatt walipiga kura duka lile livunjwe, baada ya matawi yake kufungwa moja moja. Duka kubwa likitoka katika jengo, wateja wanapungua na maduka madogo yanafuata. Mwenye kula kamisheni tu ndiye wa kwanza kulala njaa, kwa sababu jengo tupu haliliwi.

Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii hawategemei kupangisha. Wanatafuta usimamizi. Msimamizi wa jengo hukusanya kodi, hutafuta fundi, huhesabu malipo ya huduma kama ulinzi, usafi na lifti, huandaa ankara za VAT ya asilimia 16 pale mwenye jengo anapokuwa amesajiliwa, na humpa mwenye jengo hesabu kila mwezi. Malipo yake huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya kodi iliyokusanywa. Jengo linaloingiza shilingi 800,000 kwa mwezi, kwa asilimia 5, linampa msimamizi shilingi 40,000. Si pesa za kupigia video, lakini zinakuja Januari, zinakuja Februari, zinakuja na mwezi wa Ramadhani. Ukiwa na majengo manne unaweza kuandika watu kazi kwa mshahara.

Nani anapata usimamizi huo? Hapa ndipo penye uchungu kwetu. Mtu wa Pwani anajua kila jengo la Barabara ya Digo na kila mlango wa Biashara Street. Anajua babu gani alijenga, mjukuu gani anasimamia, nani hawasemezani. Lakini kampuni ya bima, mfuko wa pensheni au benki haimpi mtu jengo kwa kuwa anajua hadithi zake. Inauliza karatasi. Sheria ya Mawakala wa Majengo, Sura 533, iko tangu miaka ya themanini. Inasema anayefanya kazi ya uwakala wa majengo lazima awe amesajiliwa na bodi, na kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Wengi wetu tumefanya kazi nje ya sheria hiyo miaka mingi, tukijiita madalali na kuona hilo latosha. Matokeo yake, kampuni zenye makao Nairobi zinashika usimamizi, na sisi tunabaki kuwapelekea wapangaji kwa kamisheni ya nusu ya nusu.

Tusiwalaumu watu wa bara kwa hilo. Wamefuata karatasi, sisi tumefuata neno.

Neno lina heshima yake. Mimi nimelelewa na wazee waliokuwa wakiuziana nyumba kwa mkono na dua. Lakini neno lilifanya kazi pale watu walipokuwa wanajuana na kuonana msikitini kila Ijumaa. Leo mwenye jengo yuko Dubai, mpangaji ni kampuni ya Wachina, wakili yuko Nairobi, na neno limebaki katika ujumbe wa WhatsApp unaofutika kwa kidole.

Mimi mwenyewe nililipia somo hilo. Miaka tisa iliyopita nilimpelekea mzee mmoja mpangaji wa ukumbi wa ghorofa ya chini. Nilimwonyesha mara tatu, nikampimia, nikaenda afisi ya ardhi kutafuta rekodi ya kiwanja kwa pesa zangu. Mzee aliniambia, "Wewe ni mwanangu, riziki yako haipotei." Baada ya wiki tatu kimya, nilipita pale nikaona mafundi wanapaka rangi. Walikuwa wametia sahihi bila mimi. Nilimpigia mzee simu, akaniambia mpangaji alikuja mwenyewe. Kamisheni yangu ingekuwa shilingi 180,000. Wakili rafiki yangu aliniuliza maswali mawili tu: una barua ya kupewa kazi? Umesajiliwa? Majibu yote mawili yalikuwa la. Akanishauri nikalale.

Nilikuwa nikisimulia kisa hicho kwa miaka mingi kama mtu aliyedhulumiwa. Mpaka usiku ule mpwa wangu alipokuja, na nikaanza kukumbuka kisa chengine ambacho sikuwa nikikisimulia.

Mwaka 2019 kijana mmoja wa bodaboda alinidokeza kwamba godauni fulani Changamwe linahamwa mwisho wa mwezi. Alikuwa akimbeba mlinzi wa pale. Kwa habari ile nilimfikia mwenye jengo kabla ya wengine, nikapata mpangaji, nikalipwa vizuri. Yule kijana nilimpa shilingi 2,000, nikasema ni za chai. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema shukrani. Hatukuwa tumeandikiana. Alikuwa na neno langu tu, nami nililitafsiri nilivyotaka. Alichonifanyia yule mzee, mimi nilikifanya kwa mtu aliye chini yangu, na sikukosa usingizi hata usiku mmoja.

Hivi ndivyo soko letu linavyoendeshwa. Mwenye jengo anamkata dalali, dalali mkubwa anamkata mdogo, mdogo anamkata aliyemdokeza. Kila mtu anajiona amedhulumiwa na wa juu yake, na hamwoni wa chini yake. Kampuni inayomwajiri mpwa wangu bila mshahara imefuata njia hiyo hiyo, ila imeiweka barua yenye nembo. Hasara yote ya soko kuyumba inamwangukia mwenye miaka 23. Jengo likipangika, wanagawana naye. Lisipopangika, hasara ni yake peke yake.

Kuna jambo jengine linaloongeza hatari, nalo ni pesa za gudwili. Katika mitaa yenye biashara nyingi, mpangaji anayetoka humtoza anayeingia mamilioni kwa ajili ya mahali, na mara nyingi mwenye jengo hajui au anajifanya hajui. Pesa hupita mkononi bila risiti, dalali akiwa shahidi na mla fungu. Kukitokea ugomvi, mwenye jengo atasema hajamtambua mpangaji mpya, na dalali ndiye atakayetafutwa. Kijana akikuuliza, mwambie asishike pesa za namna hiyo hata kwa saa moja.

Na ajifunze Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya maduka, hoteli na mikahawa, Sura 301. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na sheria hiyo. Huwezi kumpandishia kodi au kumtoa kwa kumpigia simu. Lazima apewe notisi rasmi ya si chini ya miezi miwili, na anaweza kuipeleka mbele ya baraza la kusuluhisha kodi za majengo ya biashara. Ndiyo sababu wenye majengo wengi wanataka mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita. Dalali anayeelewa jambo hilo moja ana thamani mbele ya pande zote mbili. Asiyelielewa ni mbeba funguo.

Kwa upande wa wasichana wanaoingia kazi hii, na wako wengi wazuri, kuna gharama isiyoandikwa popote. Kampuni inamtuma peke yake kumwonyesha mteja asiyemjua godauni tupu huko Miritini saa kumi na moja jioni. Kampuni inayojali inatuma watu wawili na kuandika jina la mteja na namba ya gari lake kabla hawajaondoka. Hilo halihitaji pesa nyingi. Wazazi waliulize kabla hawajaona barua ya kazi.

Basi nini kifanyike? Wenye majengo, hasa wazee wetu, waandike barua moja ya ukurasa mmoja: fulani nimempa kazi ya kupangisha jengo hili, kwa muda fulani, kwa malipo fulani, yatakayolipwa siku ya kutia sahihi. Barua hiyo itamlinda mzee pia, kwa sababu hatasumbuliwa na madalali saba wanaodai mpangaji mmoja. Kampuni nazo zikumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi. Ukimtaka mtu aje saa mbili asubuhi, avae unavyotaka, aripoti kwako kila jioni, huyo ni mfanyakazi wako hata ukimwita mshirika. Mpe mshahara wa kumfikisha kazini, kamisheni iwe nyongeza. Na sisi tulio na miaka mingi katika kazi hii tuwasaidie vijana wachache wasome fani hii chuoni na kusajiliwa, wafungue kampuni za hapa hapa zinazoweza kukaa meza moja na mifuko ya pensheni.

Mpwa wangu alirudi Jumapili kusikia jibu. Nilimwambia aingie, kwa masharti matatu. Waandike mshahara wa kuanzia, japo mdogo. Waandike fungu lake la kamisheni na siku ya kulipwa, hata kama ataacha kazi kabla pesa hazijaingia. Na wamweke upande wa usimamizi angalau nusu ya wiki, ajifunze hesabu za jengo. Aliyapeleka masharti hayo kwao Jumatatu. Mshahara na usimamizi wamesema watafikiria. La kamisheni walikataa kuliandika, wakasema, "Sisi hapa tunaaminiana." Bado hajatia sahihi.

Na yule kijana wa bodaboda nimemtafuta. Siku hizi anaendesha tuktuk Kisauni na ana watoto wawili. Nilimwambia nina deni lake, akacheka akidhani ni utani. Tulikaa kwenye kibanda cha chai tukapiga hesabu, tukakubaliana asilimia 10 ya nilichopata, tukatoa zile 2,000 za mwanzo. Nusu nimempa. Nusu nyengine ni mwisho wa mwezi, na safari hii nimemwandikia karatasi.